Komunike ya Kwetu

Ile Jumatatu vita ilianza, mi nilikuwa nabishana na batu tangu asubuhi, sawa siku zote. Nilikuwa natengeneza maredio kwenye baraza ya shemeji yangu, Papa Divine, fundi cherehani hapa Kamembe. Hakuna muntu alinifundisha. Nilifungua redio ya marehemu baba, nikaiharibu, nikaifungua tena mpaka ikaongea. Papa Divine alikuwa anashona na kunicheka: "We ukikufa, mudomo tutauzika kando, utakuwa bado unasema."

Mutoto wake Divine, wa miaka sita, alikuwa Bukavu, ng'ambo ya muto Rusizi, kwa nyanya yake, kule kartie ya Kadutu, kwa vakansi ya shule. Angerudi Jumamosi.

Mchana masasi ikalia ng'ambo. Daraja ya Rusizi ikafungwa.

Tangu ile siku baraza ilijaa batu. Balikuja kusikiliza komunike, yale matangazo ya vita, juu mi nilikuwa najua kuzifungua sawa redio. Redio ya serikali ya ng'ambo ikisema hali ni shwari, masoko inauza, nilibaambia baangalie daraja: hata mama mumoja wa kuuza sambaza, bale samaki badogo, hajavuka. Ikisema adui amefukuzwa, niliuliza: avenyu gani? Saa ngapi? Nani aliona? Muntu mwenye alifika pahali anataja pahali. Kama "jeshi letu tukufu" inarudi mara tano na jina ya kartie hata mara moja, huyo anasoma karatasi, hajaona kitu. Batu balicheka, bakapeleka maneno yangu sokoni. Nilijisikia mukubwa.

Siku ya kumi na moja, redio ya kwetu, ile ya bapiganaji tulikuwa tunaunga mukono, ilisema njia ya kutoka mupaka mpaka Kadutu imesafishwa, raia batembee bila woga. Na kweli, daraja ikafunguliwa.

Papa Divine alisimamisha cherehani.

"Avenyu gani, shemeji? Habakutaja."

Hasira ikanipanda. Nilimujibu mbele ya batu bote: "Papa Divine, hii si redio ya bale baongo. Hii ni ya batoto betu. Unatuona sisi sawa bale?"

Yaya, dada yangu mukubwa, bibi yake, alikuwa kwenye mulango na sufuria mukononi. Alisema tungoje kwanza tuone nani anavuka kutoka kule. Nilimukatiza. Nilisema kungoja ndio kitu badui banataka, na mutoto yuko kule anangoja baba yake.

Papa Divine alivaa koti yake. Aliniomba nimuchungie kitambaa cha muteja, mvua isiinyeshee.

Alivuka saa nane.

Saa tisa, masasi.

Karibu. Upande wa Nguba, ng'ambo tu ya daraja.

Nilisema ni baaskari banafurahi, banapiga hewani.

Siku ya tatu tangu avuke, Divine alifika na nyanya yake, miguu imevimba. Mama muzee alituambia polepole. Balimukuta Papa Divine njiani, chini ya Nguba, amelala kifudifudi, kichwa upande wa Kadutu. Alimufunika na kitenge yake. Kwa mutoto alisema ni muntu amelewa.

Jioni redio ya kwetu ilisema hakuna raia aliyeumia.

Kwenye matanga batu balilaani bale ba ng'ambo. Pengine risasi ilikuwa yabo, sijui, hakuna mwenye alikuja kuangalia. Balinigeukia nami niseme kitu, juu mi ndio nilikuwa nasema siku zote. Nilibaacha balaani. Nilikuwa bado nabapenda batoto betu, hata leo nabapenda, na ile ndio inaniuma: bale ba ng'ambo nilibauliza kila kitu, bale ba kwetu sikubauliza hata neno moja, na mwenye aliuliza nilimufunga mudomo.

Divine yuko sekondari sasa. Yaya anashona kwenye ile cherehani. Hajawahi kunilaumu. Anapika, ananiwekea sahani yangu, anaketi mbele yangu. Mi nakula, nangoja aniulize juu ya ile siku.