Siri ya Gundi Iliyomshinda Shangazi

Shangazi yangu ni mhadhiri wa kemia ya mbao, na ugonjwa wake ni kufundisha. Muulize saa ngapi, atakueleza kwanza jinsi betri inavyofanya kazi. Mume wake aliwahi kuuliza kwa nini chai imekuwa nyeupe kiasi hiki, akachorewa chembe za maziwa kwenye kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo anakunywa anachopewa.

Maabara yake iko nyuma kabisa ya chuo, kati ya karakana na choo cha wanaume. Ni chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga na sinki mbili, moja ya kazi na moja ya pambo. Humo amekaa miaka akipika maganda ya karanga. Sisi wa familia tuliona aibu kidogo. Ndugu za wenzetu wakienda chuo kikuu wanarudi mawakili. Wetu alirudi akituomba tusitupe maganda.

Lakini maganda yalitoa gundi. Si ya kubandikia bahasha. Ni gundi ya kushikanisha tabaka za plaiwudi, ambayo hata ubao ukinyeshewa haubanduki wala hauvimbi. Ile ya viwandani wanaichanganya na dawa inayowasha macho mpaka unamkumbuka kila aliyekukosea. Hii yake unainusa na unaendelea na maisha.

Hapo ndipo chuo kilipomkumbuka. Kilikuwa kimegundua kwamba tafiti zinazolala kabatini hazilipi umeme, kikafungua ofisi ya ubia na viwanda. Humo kikamweka kijana mmoja mwenye suti iliyombana kama soseji, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Ubia. Kikatoa na agizo: maabara yoyote ambayo haitakuwa na kiwanda cha kushirikiana nacho mpaka mwaka uishe, chumba chake kitachukuliwa na kituo cha ubunifu. Kituo cha ubunifu ni mahali penye viti vya kuzama na kuta za kuandikia. Vijana wanazama humo, wanasubiri wazo lipite.

Shangazi hakuwa na pengine pa kwenda. Gundi haipikwi sebuleni. Alishajaribu, na mume wake alihamia kwa kaka yake kwa muda.

Bwana Ubia, simkatai, alihangaika. Akapata kiwanda cha plaiwudi kilichokuwa tayari kununua haki ya kutengeneza gundi hiyo. Sharti lilikuwa moja: chuo kisajili hataza kwanza, ile hati ya kumlinda mvumbuzi, ili mwingine asiige. Na hataza ina wivu. Uvumbuzi ukishasemwa hadharani kabla ya kusajiliwa, unahesabiwa si mpya tena. Kuna nchi zinazosamehe, lakini kiwanda kilitaka kuuza nje, na huko kwenye soko lao hakukuwa na msamaha.

"Daktari," Bwana Ubia akamwambia, "ukiulizwa, sema ni siri."

"Nikiulizwa na nani?"

"Na yeyote."

"Hata wanafunzi?"

"Hasa wanafunzi."

Shangazi akatia saini ahadi ya kutunza siri, kwa uso wa mtu anayekubali kung'olewa jino.

Sasa, nje ya ukuta wa chuo kuna safu ya mafundi seremala, ambao shangazi huwapa mbao zake wazijaribu. Jumamosi moja akapita kuziangalia. Mkubwa wao anaitwa Randa, si kwa sababu ya kazi bali kwa sababu ya ulimi, maana kila apitaye humpunguza kidogo. Yeye alikuwa ameuzamisha ubao kwenye pipa la maji akausahau makusudi.

"Mwalimu, nimeutesa huu ubao mpaka nimeuonea huruma. Haubanduki. Hii gundi mnaipika na nini?"

"Ni siri," shangazi akasema.

"Basi yaishe. Nilijua tu. Mambo ya wasomi haya, sisi tutayaelewea wapi."

Randa angesema kitu kingine chochote, chuo kingepona. Lakini kumwambia shangazi kwamba kuna mtu hawezi kuelewa ni kumwashia moto chini ya kiti. Waliokuwepo wanasema alisimama, akatazama lango la chuo kama mtu aliyebanwa na chafya. Kisha akaomba chaki.

Akafundisha. Aliandika kwenye mlango wa kabati la mteja, kuanzia kusaga maganda, kuyaloweka, kuyachemsha. Mafundi wakaacha misumeno. Kulikuwa na kijana mmoja wa kupaka vanishi ambaye hurekodi samani na kuzirusha mtandaoni apate wateja. Akaona hii nayo ni bidhaa. Akarekodi, akarusha.

Bwana Ubia alitumiwa video hiyo na dada yake. "Kaka, huyu si yule mama wenu wa maganda? Anaeleza vizuri kweli." Inasemekana alikaa sakafuni, na suti ile.

Akaitazama mpaka mwisho, na mwisho ukamfufua. Shangazi anageuka, chaki juu, anasema, "Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu." Hapohapo mteja anaingia kuuliza bei ya kitanda, simu inageuzwa, video inakatika. Hatua ya mwisho haimo. Na hatua hiyo ndiyo gundi yenyewe. Bila hiyo unapata uji.

"Tumepona," akamwambia shangazi kwenye korido siku ya kikao na watu wa kiwanda. "Wakili wao atauliza ulisema nini. Jibu: video ndiyo hiyo mliyoiona. Basi."

"Lakini yule mteja alipoondoka..."

"Daktari, mimi sijauliza."

Ndani walikuwa wawili kutoka kiwandani. Mmoja ni wakili, mwanamke mpole wa sauti ya chini, aina ile ya kuogopwa. Mwingine ni mwenye kiwanda, mzee mwenye mikono mikubwa na koti lililoshonwa na mtu aliyemchukia. Wakili akaicheza video mpaka kwenye kitanda, akaizima.

"Baada ya hapa, Daktari?"

Shangazi akamtazama Bwana Ubia. Bwana Ubia akatazama dari. Baadaye shangazi alitwambia kwamba alikiwaza chumba chake, akaviona vile viti vya kuzama vimepangwa pale penye jiko.

"Video ndiyo hiyo mliyoiona," akasema.

"Kwa hiyo uliwaacha hapo?" wakili akauliza. "Katikati ya somo?"

"Niwaache katikati kwa nini?" Shangazi alikuwa ameshaudhika. "Mimi si mwalimu wa namna hiyo. Nilimaliza. Na nikawauliza maswali nione kama wameelewa."

"Wakaelewa?"

"Wote, isipokuwa mmoja."

Bwana Ubia akalaza paji la uso mezani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Wakili akaanza kufunga mkoba. Ndipo mzee akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Huyo mmoja, anakosea wapi?"

"Anatia dawa ya kugandisha wakati uji ungali moto. Unapiga madonge."

"Hata wangu walipata madonge."

Wakili akamkanyaga chini ya meza. Wote waliusikia mguu.

"Mlijaribu?" shangazi akauliza.

"Video ilikuwepo, mama. Watu wana macho."

"Mliuacha ukapoa?"

"Nani alituambia upoe?"

"Upoe kabisa, si uvuguvugu. Ukiwa moto, dawa inakamata upande mmoja kabla hujakoroga..." Akavuta vikombe vya chai, hiki kikawa maganda, kile kikawa dawa, akaendelea mpaka mzee akatingisha kichwa kwamba ameelewa. Ndivyo kiwanda kilivyopewa bure kitu ambacho watu wake walikuja kukinunua, ndani ya kikao kilichoitishwa kukilinda.

Haki haikununuliwa. Nani anunue kilichoko kwenye mlango wa kabati. Lakini mzee hakuwa mjinga: alijua pishi la leo na la kesho hayatoki sawa, na wafanyakazi wake wameshaharibu mapipa. Akataka maabara ya kumpimia kila pishi na mtu wa kuwafundisha watu wake. Bwana Ubia, paji lake bado lina alama ya ukingo wa meza, akainuka kama aliyemwagiwa maji. Agizo la chuo linasema kiwanda cha kushirikiana nacho, halisemi hataza. Akaandika mkataba wa mwaka mmoja kabla mzee hajabadili nia.

Ni mkataba mwembamba. Hauna mrabaha, uprofesa umesogezwa mbele, na gari ambalo mume wa shangazi alishalichagulia rangi limebaki kwenye picha. Chumba ndicho kilichosalia.

Nilimkuta humo juzi, amezungukwa na makopo ya sampuli kutoka kiwandani.

"Shangazi, unajuta?"

"Najuta sana," akasema bila kugeuka. "Usije ukaandika kwamba sijuti. Ningefunga mdomo siku ile, nisingekuwa nakiombea chumba changu kila mwaka kama mpangaji."

"Na yule fundi mmoja?"

Hapo akageuka. "Ni mgumu yule, we acha tu. Kupoa kunakotakiwa anakujua, ukimwuliza anakujibu vizuri kabisa. Lakini hana subira, anachungulia sufuria, anatia. Jumamosi narudi kwake tena."