Ua la Mama Mkwe Lililopoteza Mistari

Wajukuu wangu wote, na ni wazuri wenye meno kamili, wana lile ua madirishani mwao. Hawajui lilitaka kuninyang'anya mama yao.

Mama mkwe alinipa nilipoolewa. Lilikuwa la kutambaa, majani yana mistari myeupe kama jezi ya mpira. Akasema, "Hili likikushinda, mtoto wa kwanza nalea mimi." Hakuwa anatania. Kwetu magharibi mtoto wa kwanza kwenda kwa nyanya ilikuwa kawaida.

Miaka hiyo ya sitini nilifanya kazi kwenye nasari ya majani chai, kitalu cha miche, huku Kericho. Miche tuliifunika na matawi ya msituni isichomwe na jua. Basi ua nikalipanda kwenye mkebe wa mafuta, nikaliweka mlangoni kwa nyumba yetu ya laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, nikalijengea paa la matawi. Likanona ajabu. Lakini kila jani jipya likatoka kijani tupu.

Binti yangu alipoanza kutembea, mama mkwe akatuma habari anakuja. Nikamwambia mume wangu, "Mama yako atasema ua lake lilikufa nikachuma lingine mtoni."

Akacheka. Wanaume!

Mama mkwe alifika na kuku kwapani, na shuka jipya la kubebea mtoto begani. Nilipoliona hilo shuka nikajua amekuja kumchukua binti yangu. Hata chai alikataa.

"Ua langu liko wapi?"

"Ni hili, Mama."

"Hili? Hiki si chakula cha sungura?"

Akachuchumaa, akapekua. Chini kabisa, karibu na udongo, akapata jani moja kuukuu, mistari bado iko. Akalitazama, akatazama paa langu, akaling'oa paa lote akatupa.

"Wewe msichana, umelifungia gizani kama kuku anayeatamia! Linataka jua."

"Lakini kwa nasari tunafunika..."

"Kwani hili ni chai?"

Akacheka mpaka kuku akapiga kelele. Nikacheka pia, machozi yananitoka. Tukakata vichwa vyote vya kijani kwa kidole gumba, vile tunachuma chai, tukaacha shina la lile jani la mistari.

"Mtu anayeshibisha jani namna hii," akasema, "mtoto hatalala njaa kwake."

Akaniwekea lile shuka mkononi. Nikamfunga binti yangu mgongoni hapo hapo, na hatukuwa tunaenda popote.