Ng'ombe Wawili wa Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio na kitambaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kijijini kwetu Majita, kando ya ziwa, na mjomba alinitafutia nafasi ya kufagia katika ofisi ya sinema ya serikali, Musoma mjini. Niliambiwa nianze na gari, maana lilikuwa limerudi jana yake likiwa jekundu kwa vumbi. Nilifuta milango, nikafuta viti, kisha nikaiona mashine nyuma na kioo chake kidogo cha mbele. Nacho nikakifuta, kwa pembe ya khanga yangu.

"Binti! Hapo umefuta au umekwangua?"

Aliyeuliza alikuwa Mzee Marwa, fundi wa mashine. Watu walimwita Bwana Sinema, kama walivyosema bwana shamba na bwana mifugo. Siku zile mtu akiniuliza jambo nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Haya, njoo. Kwa kuwa huna mdomo, labda una mikono."

Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi. Mashine ile, projekta, ilionyesha filamu ya utepe, iliyozungushwa kwenye gurudumu tuliloliita riili. Kuipitisha filamu kati ya meno ya mashine kuliitwa kuivisha. Juu na chini ya lango la taa uliacha kitanzi kidogo, filamu ipate kupumua. Kitanzi kikikazika, filamu inachanika. Mzee Marwa alinifanya niivishe macho yakiwa yamefungwa kwa khanga ileile, hadi vidole vikazoea.

Ilikuwa miaka ya shida. Vita vilikuwa vimekwisha, maduka yalikuwa na rafu tupu, na sabuni ilipatikana kwa foleni. Taa ya projekta ikiungua hapakuwa na nyingine. Kwa hiyo kila safari taa ilifungwa ndani ya blanketi na kupakatwa, na aliyeipakata ni mimi. Barabara ya kwenda Bunda naikumbuka kwa magoti: kila shimo nililisikia kwanza kwenye taa. Dizeli ikikosekana tulikaa ofisini wiki nzima tukiunganisha filamu zilizokatika.

Mzee Marwa alipostaafu kwa sababu ya macho, Ofisa wa Sinema aliniita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka.

"Nyanjura, mashine unaijua. Hilo silibishi. Lakini Bwana Sinema anashikaga na kipaza sauti. Filamu zinasema Kiingereza, watu wanahitaji wa kuwaeleza. Jumamosi tunakwenda Butiama. Ukiweza kusema, kazi ni yako. Ukinyamaza, ufagio uko pale pale."

Filamu yenyewe ilihusu josho, yaani lile shimo la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Ilikuwa mpya, na Ofisa alitaka nimalizie kwa kuwaambia watu: mmeona wenyewe, ng'ombe mgonjwa amepona.

Tulitundika pazia ukutani, jenereta ikawashwa, watu wakakaa chini na wengine wakasimama na fimbo zao. Mwanzoni alionekana ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe begani, amekonda, hawezi kuinuka. Nilisema kwa sauti ndogo, "Huyu ni mgonjwa wa kupe." Watu wakaguna kwa huruma. Kisha likaja josho, madaktari wenye makoti meupe, maelezo marefu ya ndoo na vipimo. Mwishoni akatokea ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, mnene, anakula majani.

Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja wa mbele, Mzee Wambura, alisimama.

"Hiyo siyo ng'ombe ile."

"Ni yule yule, mzee," Ofisa alijibu kutoka kwenye gari. "Amepona."

"Amepona mpaka pembe zimegeuka? Ile ya kwanza pembe yake ya kushoto imeinama. Hii zimesimama zote."

"Na baka lilikuwa bega la kulia!" mwanamke mmoja akadakia. Kelele zikapanda. Mwingine akasema ile ya kwanza imeshaliwa nyama na wenye makoti. Watu walicheka, lakini baadhi wakaanza kuondoka.

Ofisa akashuka, akaninong'oneza, "Waambie ni yule yule. Sema sasa hivi."

Mimi ni mtoto wa wavuvi. Ungeniuliza sato na sangara ningekujibu. Ng'ombe wote weusi kwangu walikuwa mmoja. Nikaweka kipaza sauti chini, nikashika mashine. Projekta ile ilikuwa na swichi ya kurudi nyuma. Niliirudisha filamu mbele ya watu, ng'ombe mnene akatapika majani yake, madaktari wakatembea kinyumenyume, na waliokuwa wanaondoka wakarudi wakicheka. Nilifika mwanzo, nikamwonyesha mgonjwa tena, polepole. Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama.

Nikaokota kipaza sauti.

"Ni ng'ombe wawili," nilisema. "Filamu hii imetuangusha. Imeahidi kutuonyesha aliyepona, haikutuonyesha."

"Sasa ile ya kwanza ilipona au ilikufa?" Mzee Wambura aliuliza.

"Sijui, baba."

"Na josho tuache?"

"Josho mnalo hapa, mnaliona kila wiki. Mimi nimeisema filamu."

Mzee akakaa. Hakuna aliyeondoka tena.

Tulirudi kwa gari hadi njia panda ya Makutano. Pale Ofisa akasema, "Umeniharibia." Nilipakata taa nikijua kwamba Jumatatu nitaushika mpini wa ufagio.

Jumatatu aliniita. "Bunda hawana fundi. Mashine yao ni mbovu na gari halina breki za kuaminika. Utakwenda huko." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na ukisema filamu ni mbaya, sema kwa nguvu. Juzi waliokaa nyuma hawakukusikia."

Bunda niliitwa Bibi Sinema. Nilionyesha filamu hadi Nyamuswa, kwenye magulio na viwanja vya shule. Kisha biashara zikafunguliwa, kaseti zikaingia, na kila mtaa ukawa na kibanda cha video. Watu hawakutungoja tena. Idara ilipopunguza wafanyakazi nami nilipunguzwa, nikarudi Musoma na bisibisi zangu, nikaweka meza sokoni kutengeneza redio, deki na televisheni. Nimeifanya kazi hiyo hadi mikono ilipoanza kuchoka.

Mnaoanza ufundi leo mnaniuliza nini kilikuwa kigumu. Si mashine. Mashine ikikosea, haikatai kosa lake.

Karibu na mwisho wa kazi yangu, Mzee Wambura alikuja mezani kwangu, amezeeka sana, na televisheni ndani ya kiroba.

"Wewe si wa sinema ile? Ile ng'ombe ilikufa."

"Mimi nilisema sijui, baba."

"Mimi najua. Ingepona wangeionyesha." Akaisukuma televisheni kwangu. "Na hii ikikushinda, usinipe nyingine ukasema ni ile."

Ilinishinda. Nikamrudishia ile ile.