Kiti Kilichorudi

Kwenye karakana ya Mama Springi palikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote: kiti hakitoki mlangoni kabla yeye mwenyewe hajakikalia. Na si kukikalia nusu tako, kama mgeni anayeogopa kuchafua. Alikaa mzima mzima, akafumba macho, akahesabu polepole hadi mia. Akifika mia bila kusikia springi inayonung'unika wala mkanda uliolegea, alifumbua macho na kusema, "Kiende." Hata kama mteja ana gari linalonguruma nje, angesubiri hiyo mia iishe. Kazi hiyo ya kutengeneza makochi na viti alirithi kwa baba yake, ambaye alikuwa akihesabu hamsini tu. Hamsini za juu zilikuwa zake, na alizitaja kila alipopata mwanya.

Kwa miaka ishirini na tatu hakuna kiti kilichorudi. Watu husema mengi kuhusu mafundi, na mengi ni ya kweli, lakini kwa huyu walinyamaza.

Basi maradhi, ambayo hayana adabu, yakaenda kumshika palepale anapofanyia kazi. Yalianza kama kuwaka kidogo, chini kabisa ya nyonga, katikati, mahali ambapo mtu hapataji mbele ya wakwe. Akisimama, yanapoa. Akilala, yanapoa. Akikaa tu, ni kama amekalia ile sindano ndefu ya kushonea makochi, imepashwa moto na bado inasukumwa. Baada ya mwaka mmoja hakuweza kufika ishirini. Baada ya miwili alikuwa anakula amesimama, na kwenye gari alipiga magoti kiti cha nyuma, akitazama walikotoka. Majirani, kwa kuwa hawakuambiwa, walijiambia wenyewe: Mama Springi siku hizi anaringa, hakai na watu. Aliwaacha waseme. Afadhali aitwe mwenye maringo kuliko kueleza mbele ya kadamnasi kinachomuuma na mahali kinapouma.

Hospitalini alitibiwa bawasiri ambayo hakuwa nayo. Akatibiwa mkojo, akatibiwa mgongo. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo tu, akae apumzike. Mama Springi alimuuliza kama amesikiliza hata neno moja.

Viti, hata hivyo, vilikuwa bado vinahitaji mtu wa kuvikalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiti ni hivyo hivyo. Akamteua mumewe, mtunza stoo wa shule, mwanaume mwenye kilo zake na moyo mwema kupita kiasi. Kila jioni alipita karakana, akakaa, akafumba macho, akahesabu hadi mia bila kuruka hata moja. "Kizuri, mama watoto," alisema. Kila kiti kilikuwa kizuri. Tatizo la mwanaume huyu ni kwamba hajalalamika tangu azaliwe. Hata mchuzi uliosahauliwa chumvi ameusifu na kuomba wa pili. Mtu kama huyo ni baraka ndani ya nyumba, lakini si kipimo.

Mwaka wa sita wa maumivu, kiti kikarudi.

Kilikuwa kiti cha kusomea, chenye mgongo mrefu, cha mwalimu mkuu mstaafu. Mzee alikileta kwa mkokoteni, mwenyewe akitembea kando kana kwamba anamsindikiza mgonjwa. Hakugombana. Alieleza tu kwamba kila akifika ukurasa wa pili kuna kitu kinamsukuma upande wa kushoto. Alidhani ni uzee. Akaenda kusomea kwa jirani, na uzee ukaisha.

Kwa miaka sita hakuna aliyemwona Mama Springi akilia kwa maumivu. Siku hiyo aliingia nyuma ya marobota ya sponji na kusimama huko muda mrefu. Alipotoka, macho mekundu, alimpa mwalimu kiti kingine cha kuazima, kisha akatangaza kwamba anakwenda kutafuta mtu wa kumpasua.

Dada yake mkubwa alikuja mbio kumzuia. Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hajawahi kukubali kwamba malezi yale yamekwisha. "Miaka sita unaungua, hukutaka kisu," alimwambia. "Leo kiti kimoja kimerudi, ndiyo unakitaka?"

"Maumivu ni yangu, dada," alijibu Mama Springi. "Kiti ni cha mtu."

Daktari bingwa waliyempata, baada ya kuulizia kwingi, alikuwa mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimruhusu asimame. Kabla hajamgusa alimuuliza swali moja: "Na ukikaa chooni, inakuwaje?"

Mama Springi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Choo kilikuwa kiti pekee duniani alichoweza kukikalia, na siri hiyo hakumwambia hata mumewe, ambaye miaka yote alidhani mkewe hujifungia humo kukimbia kelele. Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ufunguo wake. Kwenye kiti cha choo, alieleza, sehemu ya katikati inaning'inia, haibanwi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kati ya kano mbili ndani ya nyonga, na huenda wake umenaswa hapo. Ili kuhakikisha, alimchoma sindano ya ganzi karibu na mshipa ule. Kwa saa nne Mama Springi alikaa kama malkia. Kisha akarudi na lalamiko: hakusikia maumivu, lakini hata kiti hakukisikia. Ganzi haipimi kiti.

Basi kilichobaki ni kufungua, kukata kano moja, na kuupa mshipa nafasi. Hilo alilielewa mara moja. Kamba iliyonaswa kati ya mikanda miwili, ameifungua kwenye makochi mangapi? Alichotaka kujua ni kitu kingine.

"Umeshafanya wangapi, daktari?"

"Thelathini na mmoja."

"Waliorudi?"

Mumewe, aliyeingia naye, alikohoa na kutazama sakafu, akaona aibu kwa niaba ya wote. Daktari hakufungua faili lolote. Alisema tisa hawakupata nafuu ya maana, na wawili walizidi kuumwa. Akawataja, si kwa majina bali kwa kazi zao: dereva, anayeendesha hadi leo akiegemea upande mmoja, na mfumaji wa masweta aliyeacha kufuma. "Hao wawili nawakumbuka kila ninaponawa mikono kabla ya kuingia," alisema. "Na hata ikienda vizuri, mama, mshipa hauna haraka. Mwaka mzima, pengine zaidi."

Huko nje, dada mkubwa aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alipopewa hesabu hizo alianza kukusanya mikoba. Watu kumi na mmoja kati ya thelathini na mmoja! Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

"Hakufungua faili," alisema Mama Springi. "Fundi anayejua vilivyorudi, kimoja kimoja, ndiye ninayempa kitu changu."

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini alisimama wima kwenye ukumbi ule uliojaa watu waliokaa, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anadhani anaringa. Ndipo mumewe akasema, "Mimi sitaki. Naogopa. Sikipendi hicho kisu hata kidogo."

Mkewe alimgeukia taratibu. "Kumbe unajua kusema kitu si kizuri," alisema, akamshika mkono. "Ungeanza na kile kiti." Wakacheka wawili peke yao, dada akiwatazama kama wendawazimu, na tarehe ikapangwa.

Alipasuliwa. Miezi mitatu ya kwanza hakuona tofauti yoyote, na kuna siku alijihesabu yeye ni wa kumi na mbili katika waliorudi. Majirani walipokuja kumjulia hali aliwaambia ukweli wote, mshipa gani na uko wapi, mpaka wanaume wakatafuta mahali pa kuangalia. Wawili kati ya wanawake walibaki nyuma kumuuliza zaidi. Mwezi wa tano alikaa akahesabu kumi. Mwezi wa tisa, thelathini.

Kile kiti alikuwa amekifungua na kukifunga upya, akifanya kazi hiyo amesimama, lakini kilibaki pembeni. Hakikukaliwa na hakikutoka. Mwalimu alipita kila mwisho wa mwezi kukisalimia. "Nitakisubiri, fundi," alikuwa akisema, "ila usinipeleke nacho kaburini."

Mwezi wa kumi na nne, asubuhi, mwalimu akiwepo na mumewe akiwa likizo, Mama Springi alikivuta kiti katikati ya karakana. Akakaa, mzima mzima. Akafumba macho.

Kumi. Ishirini. Maumivu yalikuwepo, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Hamsini, na za baba zikaisha. Sitini. Kwenye sitini na nane aliinuka ghafla.

Mumewe aliruka. "Inauma?"

Mkewe alikuwa ameshapiga magoti, mkono chini ya kiti, upande wa kushoto, anapapasa. "Springi ya tatu," alisema. "Nilifunga kamba vibaya tena, bado inavuta. Nipe koleo." Kisha akainua uso uliolowa machozi kumtazama mwalimu. "Hakiendi leo," alimwambia, na hakuna aliyewahi kuona fundi akitangaza kosa lake kwa fahari namna ile.