Mchezo wa Lynn Haujakamilika

Binti yangu Lynn Auma hajarukwa na akili, na hakuna aliyemficha Ngoliba. Alikwenda huko wiki mbili kwa rafiki yake Wavinya ili afanye kazi mahali ambapo hagongewi dirisha. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Kiuu wamepita mikononi mwangu, na bado wazazi wao wanasimama dukani na kusema familia ya marehemu mume wangu Jeconia imehadaa watu. Basi nitaeleza mara moja.

Lynn ana miaka thelathini na miwili. Mchana hutengeneza kompyuta za watu hapa Ruiru. Kazi yake nyingine, ya miaka sita sasa, ni mchezo wa kompyuta uitwao Mito Miwili. Mchezaji ni mfanyakazi aliyetoka magharibi: anashuka Thika na sanduku moja, anatafuta chumba, anaandikwa kiwandani, anajijenga polepole hadi anahamia Ruiru. Ni njia aliyopita babake. Lynn alianza kuichora mwaka tuliomzika, nami nikamwacha, kwa sababu machozi hakuyatoa kwa namna nyingine.

Picha chache alizoweka mtandaoni zikapata wapenzi. Wakaunda kundi kwenye simu, maelfu ya watu wakibishana kwa miaka juu ya mchezo ambao hakuna aliyewahi kuucheza. Mmoja aliwahakikishia wenzake kwamba mvua itanyesha kwa majira yake. Mwingine akasema kila nyumba ya Murera, hapa hapa Ruiru, itakuwa na watu ndani, kila mtu na jina lake. Lynn hakusema hayo popote. Walijiahidi wenyewe, kisha wakamdai yeye.

Mwezi wa tatu akaufungua kwa utaratibu ambao vijana huuita early access: watu wanauchukua ukiwa nusu, wanacheza, wanasema penye kasoro, naye anaendelea kujenga. Thika ilikuwa imesimama vizuri. Ruiru ilikuwa barabara na kuta tu. Aliandika hivyo kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kwetu jambo jema halipiti bila shukrani. Lynn aliniomba nisubiri, nikamjibu kwamba babake alisubiri mambo mengi na tukamzika. Nikakodi hema, akina mama wa kanisa wakapika chapati, na kadi ya mwaliko nikaiandika mwenyewe: tunamshukuru Mungu kwa kukamilika kwa kazi ya binti yetu. Nani hufanya ibada ya shukrani kwa nyumba ambayo haijaezekwa? Mimi nilifanya.

Kadi ikapigwa picha, ikafika kwenye lile kundi. Ikawa mamake mwenyewe, tena mwalimu, ameshuhudia kwamba mchezo umekwisha, kwa hiyo Lynn ameficha sehemu ya pili kwa kiburi. Matusi aliyoandikiwa siyarudii. Hapa mtaani walileta malalamiko. Kagwe wa kinyozi, kama tunavyoliita duka lake la kunyolea, alinisimamisha njiani.

"Mama Lynn, nimejiona kwa huo mchezo. Kinyozi yangu haina mlango."

"Haujaisha, Kagwe."

"Na wateja waingilie wapi, dirishani? Mwambie aniwekee hata pazia."

Kagwe angalau alikuwa anacheka. Lynn alirudi kutoka Ngoliba akaniambia ataufuta mchezo wote.

"Mama, huu hawautaki. Wanataka ule ulio vichwani mwao, na huo siwezi kuujenga."

Jumamosi hiyo Simeon, kiongozi wa kundi, akaja kutoka Thika na wenzake wawili. Adabu walikuwa nayo. Walivua kofia, wakapokea chai. Kisha Simeon akaanza kuorodhesha ahadi zilizovunjwa. Nikamwomba anionyeshe moja tu ambayo Lynn aliandika. Alitafuta kwenye simu mpaka chai ikapoa. Alichopata ni kadi yangu.

"Hii hapa, mwalimu. Imesema kukamilika."

"Hiyo niliandika mimi. Yeye alinikataza."

Simeon akaweka simu mezani. "Sasa tuambie watu aje?"

"Waambie mwalimu alikosea. Nipige picha nikiwa nimeishika, na uandike hivyo hivyo."

Sikupenda. Picha hiyo imefika hadi kwetu Bungoma, na dada yangu alipiga simu kuuliza kama ninaumwa. Lakini kundi lilitulia, baadhi wakaomba radhi, na Jumatatu nilipoamka nilimkuta Lynn tayari ameketi kwenye kompyuta yake. Hakufuta kitu.

Sasa mnaniuliza Ruiru itakuwa tayari lini. Mnaniuliza kanisani, sokoni, hata matangani. Nilishatangaza mara moja jambo ambalo si langu kutangaza. Sitataja mwezi, sitataja mwaka, na anayenijia na swali hilo asitarajie kiti. Nimemaliza.