Nyar Seme Si Jina la Mtu

Harufu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe kikiungua juu ya vyungu haijanitoka puani mpaka leo, na asije mtu kuniambia kwamba ni harufu nzuri. Ilikuwa inawasha macho, inaingia kwenye nywele na kukaa humo hata ukioga mtoni mara mbili. Nasema haya mapema kwa sababu siku hizi kuna watu mjini Kisumu wanaoandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba wanawake wa zamani walifinyanga kwa furaha huku wakiimba. Mama yangu hakuimba. Alifinyanga akiwa amekunja uso, kucha zimepasuka, na ukimsemesha wakati anafunga mdomo wa chungu alikurushia donge la udongo, na hakuwa anakosa shabaha.

Nazungumzia kiangazi kimoja tu, nikiwa na miaka tisa au kumi hivi. Tulikaa Asembo, kwao baba. Mama aliteguka mkono akiteremka kinamasini, nikatolewa shule nije nimtwangie udongo. Nikaambiwa ni wiki mbili. Sikurudi tena; darasa la tatu ndilo nililoishia, na kusoma kwangu kwingine nilijifunza kwenye Biblia, mstari kwa mstari. Asubuhi tulichimba udongo mweusi, nikaubeba kichwani ukinitiririkia shingoni mpaka mgongoni. Nyumbani nikatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, nikachekecha, nikachanganya na ule udongo ili chungu kisipasuke motoni. Mama ndiye aliyejenga, akizunguka chungu kinyumenyume, amekiinamia, mkono mgonjwa ameufunga kitambaa. Kazi ya mwisho ilikuwa ya kamba. Kila mfinyanzi alikuwa na kikamba chake alichosuka mwenyewe kwa nyasi ngumu, akakibingirisha kwenye shingo ya chungu kingali kibichi, kikaacha alama. Ya mama ilikuwa kama mifupa ya samaki. Kikamba hicho alikificha kiunoni, hata baba hakukigusa.

Alikificha kwa sababu ya Apondi. Apondi alikuwa jirani yetu, mfinyanzi pia, na yeye kama mama alitoka Seme. Wajaluo wanajua ninachosema, lakini wengine niwaeleze: kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake ovyo ovyo. Anaitwa kwa kwao alikotoka. Nyar Seme, yaani binti wa Seme. Sasa wanaume wa kijiji chetu walipenda kuoa Seme, kwa hiyo tulikuwa na Nyar Seme watano au sita, na karibu wote walifinyanga. Mama na Apondi hawakupatana kabisa. Kiangazi hicho Apondi alisimama njiani ndoo kichwani, akapiga kelele boma zima lisikie.

"We Adero! Alama yangu unaiba ya nini? Mama yako hakukufundisha kusuka?"

"Yako ni ya kuku aliyekanyaga matope," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Nani aibe hiyo?"

"Chungu chako kinavuja kama pua ya mtoto wako!"

Mtoto huyo ni mimi, na ni kweli nilikuwa na mafua. Waliendelea hivyo mpaka mvua zikakaribia. Mkono wa mama ulipomzidi aliniita, akanipa kikamba nimalizie shingo ya chungu kimoja kikubwa cha maji. Nilikibingirisha haraka, kikateleza upande wa nyuma, mistari ikapandana. Mama akanizaba kofi moja. Nikadhani atakifuta. Akatazama, akasema, "Acha. Maji hayajui kusoma."

Chungu hicho ndicho kilichochukuliwa. Mwanamume mmoja alikuja na gari, ana daftari na mkalimani, akasema anakusanya vyungu vya kuwekwa kwenye nyumba moja mjini, watu wote waje waone. Alianzia kwetu. Aliyetoka kumjibu ni nyanya, mama mzazi wa baba, na mama mkwe hawezi kulitaja jina la mke wa mwanawe mbele ya mgeni. "Kimefinyangwa na nani?" "Nyar Seme." Akaandika. Akaenda kwa Apondi, akajibiwa Nyar Seme. Nyumba ya tatu, Nyar Seme. Niliwafuata nikitafuna karanga, nikamwona anavyofurahi, anavyopiga mstari chini ya jina kama mtu aliyeokota kito. Nilijua anakosea, anadhani wote ni mtu mmoja. Mtoto hamsahihishi mgeni, nikaendelea na karanga zangu.

Nimezeeka. Mama alishazikwa, Apondi pia. Mwaka huu jumba la sanaa la mjini lilialika wamama wa kanisa letu kwa kile wanachoita Siku ya Jamii. Tukapewa soda na vibandiko vya kubandika kifuani. Watoto wa shule walikuwa wameketi chini, kila mmoja na donge la plastisini ya rangi, wanafundishwa kutengeneza chungu cha Nyar Seme kwa dakika kumi. Nyuma yao, ndani ya kioo, vyungu vinane. Juu ya kioo: Nyar Seme, Msanii Mkuu wa Ziwa. Chini, maisha yake. Aliishi peke yake, imeandikwa. Alibadilisha mitindo mara nyingi kwa sababu alikuwa na kipaji kisichotulia. Msichana wa jumba, mpole, amevaa shanga nyingi, akanivisha vidude vya masikioni. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kiswahili cha Mombasa, "Mimi ni Nyar Seme. Niliupenda udongo tangu utoto wangu."

Nikavivua. "Huyu ni nani?"

"Ni mwigizaji, Mama. Inawasaidia wageni kumhisi msanii."

"Msanii gani? Hawa ni wanawake watano, sita. Hiki hapa ni cha mama yangu."

"Pole, Mama. Lakini rekodi zetu..."

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Ukiolewa Asembo utaitwa Nyar kwenu. Na nyama ukipika wewe, watasema imepikwa na dada zako wote?"

Wamama wakacheka. Yeye akasema kwa adabu kwamba kazi yao ni kushirikisha jamii, kwa hiyo nijaze fomu ya maoni. Nikamwambia jamii si mimi? Akaniuliza kama ningependa kurekodiwa nikisimulia kumbukumbu zangu, kamera ipo tayari. Nikakataa. Nikasema jina kwanza, hadithi baadaye. Nikarudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, mpaka akaja mkubwa wake, akataka ushahidi.

"Kigeuzeni," nikasema. "Nyuma, shingoni, mtaona mistari imepandana; niliiharibu mimi."

Msichana akavaa glavu, akakizungusha taratibu. Nyuma, upande uliokuwa ukitazama ukuta miaka yote hiyo, mistari imepandana palepale nilipokosea. Mkubwa akatoa kalamu.

"Adero," nikasema. "Mke wa Odera. Andika na Odera, asije akachanganywa na Adero mwingine."

"Na hivi vingine, Mama, unavijua?"

Nilikijua kimoja. Kilikuwa kimesimama ubavuni mwa cha mama, alama ile ya kuku kwenye matope. Ningeweza kunyamaza, nikaondoka na changu. Mama angefurahi. Nikakitazama kile chungu, ni kizuri, Mungu anisamehe, ni kizuri kuliko cha kwetu.

"Apondi," nikasema. "Andika vizuri, herufi zote."

Vile sita vilivyobaki sikuvijua, na waliovijua hawapo. Viko pale bado, jina lile lile, na sauti ya mwigizaji inaendelea kuwadanganya watoto kila siku isipokuwa Jumatatu, wanapofunga. Wageni wakiona Adero na Apondi wamewekwa ubavu kwa ubavu, wanatoka wakisema jinsi wanawake wa zamani walivyopendana. Mimi nilikuwepo. Hawakupendana. Mama na Apondi walitukanana kiangazi kizima mpaka sauti zikawakauka, na katika matusi yale yote hakuna hata siku moja ambayo mmoja alimkosea mwenzake jina. Leo wanaambiwa maneno matamu na watu wasiojua ni akina nani. Mimi, kama ningeulizwa, ningechagua matusi.