Komeo wa Nyumba ya Sabuni

Shemeji yangu tulimwita Komeo, na jina hilo hakupewa kwa utani. Alikuwa bawabu wa nyumba ya ghorofa aliyoijenga tajiri mwenye kiwanda cha sabuni, katikati ya mji. Amri ya tajiri ilikuwa moja: wageni mbele, wafanyakazi nyuma. Nyuma kulikuwa na ngazi za mawe, nyembamba, hazina pa kushika. Tajiri mwenyewe akilewa aliisahau amri yake. Komeo hakuisahau. Dada yangu, mkewe wa ndoa, alipompelekea chakula akabisha mbele, alimzungusha. Dada alicheka tu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tajiri akafa, wanawe wakagombana, nyumba ikakodishwa ikawa hospitali ya uzazi. Chumba cha kulia kikawa leba. Vitu vyote vilihamishwa isipokuwa Komeo: wa kulipia mbele, wa bure nyuma. Dada aliposhikwa na uchungu nilimleta mwenyewe, nimemkumbatia kiuno, chupa imeshapasuka. Komeo akasimama katikati ya mlango.

"Shemeji, huyu ni mkeo," nikamwambia.

"Namjua. Zungukeni."

"Hatafika."

"Nikimpitisha huyu, kesho nitamzuia nani?"

Tukazunguka. Kwenye ngazi ya tatu dada alikaa, hakuinuka tena. Mtoto alizaliwa pale juu ya jiwe, na kabla ya muuguzi kushuka na machela, dada alikuwa ameshatokwa na damu yote. Komeo alipewa likizo ya msiba. Alirudi mlangoni kabla haijaisha, yule mja laana.

Mtoto nilimchukua mimi. Nilimlea kwa maziwa ya kopo na kwa hadithi ya ngazi zile. Kila alipomuulizia mama yake nilimweleza yote, sikumpunguzia hata tone. Baba yake hakuja kumtazama. Alisema hana wa kumwachia mlango.

Hospitali ikahama, ikaja ofisi ya bima, kikaja chuo cha ushonaji. Kila mpangaji alimrithi Komeo pamoja na makabati. Mwisho nyumba ikawa makao ya wazee, na matroni wake akawa nani kama si mwanangu yule niliyemlea. Siku ya kwanza tu alisema mlango wa mbele ni wa wote.

Komeo alikuwa ameshaachishwa kazi. Magoti yamekwisha, mwenye chumba alichopanga amemtupia virago nje, hana pa kulaza ubavu. Nikampeleka kuomba kitanda. Si kwa huruma. Nilitaka kumwona akilia.

Mwanangu alifungua mlango wa mbele, akasimama katikati.

"Kitanda kipo," akasema. "Zunguka nyuma."

"Magoti, mwanangu," Komeo akasema.

"Nayaona. Zunguka."

Moyo wangu ulijaa furaha, sitaficha. Nikamfuata. Alipanda kwa kutambaa, na kwenye ngazi ya tatu pumzi zikamwishia. Nikainama nimtazame usoni. Alikuwa anatabasamu.

"Umemwona, shemeji?" akasema akihema. "Hata babake hakumpitisha. Yule ni mimi mtupu."

Juu, mlango wa nyuma ukafunguka. Mwanangu alikuwa na funguo mkononi.

"Analia, mama?"

Nikamwambia alichosema, neno kwa neno. Rangi ikampotea usoni. Akamtazama mzee pale kwenye jiwe, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Na wewe ulimleta uje uone haya?"

Akashuka, akamwinua mzee kwa makwapa. "Twende, baba," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Wakaingia, akafunga kwa ndani.

Nikabisha.

"Nani?"

"Mama yako."

"Mama yangu alifia hapo nje," akasema. "Nenda nyumbani, mama mdogo."